Bendi za pop-punk zisizo na lebo: ukiipenda ishushe mwenyewe, hakuna atakayekutunzia

#1 fundi_spika (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Jukwaa hili la burudani nyuzi zake tunazijua: bongofleva, singeli, amapiano na nani kamchana nani. Sina ugomvi nazo, nyingi nachangia. Leo naomba tukae kidogo kwenye kona yenye watu wachache, ambao hata hivyo wakishaingia hawatoki: pop-punk. Tena si ile iliyopigwa redioni. Nazungumzia bendi zisizo na lebo wala meneja, zinazojirekodi chumbani, zinazojibebea vyombo, na kurusha nyimbo zao mtandaoni bila kumuomba mtu ruhusa.

Kwa wanaodhani muziki huu ni mgeni kwao, si mgeni kihivyo. Aliyewahi kukaa kibanda cha gemu akicheza Burnout 3 kwenye PS2 alisikia Fall Out Boy, Yellowcard na New Found Glory bila kujua majina yao. Magari yanagongana, gitaa linakimbia, unatoka pale na kiitikio kichwani ambacho hujui hata maneno yake. Ndiyo hiyo. Mwendo wa panki (rock ya magitaa ya haraka na makali), kiitikio cha pop, dakika mbili na nusu wimbo umeisha, hakuna utangulizi mrefu wala kutaja majina ya mapedeshee.

Ufundi wake si mgumu, na ndiyo maana kila mwenye gitaa anaweza kuanza. Kodi wanazopiga (za gitaa, si za TRA) zina noti mbili tu, ile ya mzizi na ile ya tano yake. Ya tatu, ambayo ndiyo huamua kodi isikike ya furaha au ya huzuni, inaachwa. Sababu ni kwamba ukishapandisha amplifaya mpaka sauti inakwaruza, hiyo ya tatu inachafua kila kitu, lakini mbili zinabaki zimesimama. Vidole vinakaa umbo lilelile, unateleza tu juu na chini ya shingo ya gitaa. Kwenye ubeti mpigaji analaza kiganja kwenye nyuzi karibu na daraja, unasikia jug-jug-jug zilizobanwa. Kiitikio kikifika anainua mkono na nyuzi zote zinalia kwa pamoja. Pale anapoinua mkono ndipo watu wanaporuka. Hakuna studio ya mamilioni inayohitajika hapo.

Sasa bendi yenyewe iliyonifanya nifungue uzi. Inaitwa Bomb the Music Industry!, na hiyo alama ya mshangao ni sehemu ya jina. Mwenye nayo ni Jeff Rosenstock wa Long Island, New York, aliyeianzisha baada ya bendi yake ya awali kuishia njiani. Mwanzoni kuiita bendi ilikuwa heshima tu. Alikuwa yeye, kompyuta yake na ngoma za mashine. Albamu ya kwanza, Album Minus Band, ilitoka 2005 akaiweka mtandaoni bure. Si wimbo mmoja wa kuonja, ni albamu nzima. Iliyofuata bure. Iliyofuata tena bure. Mwaka 2006 akaanzisha Quote Unquote Records, lebo ambayo kwa hesabu za kawaida si lebo: unapakua bure, ukiguswa unachangia chochote, usipoguswa nenda kwa amani.

Shoo zake ndizo zilinimaliza. Alipokosa wapigaji alichomeka iPod kwenye spika akaimba juu yake. Shabiki aliyejifunza nyimbo nyumbani aliruhusiwa kuja na chombo chake apande jukwaani. Fulana? Uje na yako. Mezani kuna karatasi ngumu iliyokatwa jina la bendi na kopo la rangi ya kupuliza. Unalaza fulana, pshh, unaipepea kidogo, umevaa. Sidii nayo uje na tupu uchomewe nyimbo. Kiingilio walipambana kisizidi dola 10, na watoto wasizuiwe mlangoni. Mfikirie msanii wetu yeyote mkubwa akitangaza "njooni na fulana zenu kutoka nyumbani". Meneja atazimia kabla ya sauti kuchekiwa.

Ukiisikiliza ile ya kwanza usitegemee usafi. Mic imezidiwa, sauti inapasuka, ngoma ya mashine inasikika wazi kuwa ni ya mashine, na jamaa anapiga kelele kuhusu kukosa hela, kazi zisizo na mbele na kuzeeka huku wenzake wanajipanga. Halafu katikati ya vurugu hiyo kinaibuka kiitikio kitamu ambacho unajikuta unakiimba jikoni. Bendi ilipiga shoo ya mwisho Januari 2014 huko Brooklyn. Jeff kaendelea kwa jina lake mwenyewe, siku hizi lebo anazo, na ndiye aliyetunga muziki wa katuni ya Craig of the Creek. Wazazi wenye Cartoon Network sebuleni mmeshamsikia bila kujua.

Hoja yangu ni hii. Nyimbo za huyu bwana haziwezi kupotea leo, kwa sababu tangu siku ya kwanza alizifanya ziwe rahisi kubebwa, zikatapakaa kwenye kompyuta za watu kila pembe ya dunia. Bendi nyingine za rika lake hazikupata bahati hiyo. Miaka ile bendi zisizo na lebo zilikuwa zinaishi MySpace na PureVolume, mitandao ya kupandisha nyimbo bure. PureVolume ikafungwa 2018. Machi 2019 MySpace wakatangaza kwamba walipohamisha seva walipoteza muziki wote uliopandishwa kati ya 2003 na 2015. Makadirio yaliyotolewa ni nyimbo zaidi ya milioni 50 za wasanii milioni 14. Kilichookolewa ni nyimbo kama 490,000, tena kwa sababu kuna watafiti walikuwa wamezipakua kwa kazi zao nyingine, ndipo wakaikabidhi Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni. Kabla ya hapo MP3.com nao walifuta hazina yao mwishoni mwa 2003. Fikiria ni watoto wangapi wa Ohio na Leeds walikuwa na wimbo mmoja tu mzuri maishani mwao, na ulikuwa huko.

Lebo hata ikiwa nyonyaji kiasi gani, ina stoo. Ina masta (rekodi mama za nyimbo), ina mkataba, ina mtu wa kufukua faili miaka 20 baadaye akinusa pesa. Bendi isiyo na lebo stoo yake ni msikilizaji. Ukiisikiliza mtandaoni ukaondoka, hujaiweka popote.

Tupieni mnazozijua, na namna mlivyozipata.

#2 Kambi_Popote

Mkuu nimesoma mpaka nukta ya mwisho na sijui hata bendi moja uliyotaja. Natia nanga hapa, waje wajuzi.

#3 Mzee_wa_Rhumba

Nimefungua hiyo ya kwanza uliyoisema. Dakika moja, nimezima.

Mtoto ana gitaa la umeme, ana gereji ya kufanyia mazoezi, ana gari la mama yake la kubebea vyombo, na bado analia! Sisi Marijani Rajab alikuwa na kisa. Anakisimulia kwa utaratibu, unakaa chini, unaagiza kinywaji, unajifunza maisha. Hizi ni kelele za watu walioshiba.

#4 fundi_spika

Hahaha, mzee wangu shikamoo. La gereji umenikamata, sitabisha.

Lakini huyo Marijani unamsikia leo kwa sababu gani? Kwa sababu Radio Tanzania Dar es Salaam iliwaita wanamuziki wa enzi zile studio, ikawarekodi, na kanda zikabaki kwenye rafu zake. Bendi zetu hazikuwa na lebo za maana, stoo yao ilikuwa RTD. Bila zile kanda ungebaki kutusimulia kwa mdomo tu jinsi alivyokuwa mkali, na vijana wasingekuamini. Hawa wa gereji hakuna redio ya taifa iliyowaita.

Na si wote wameshiba. Neck Deep ni vijana wa Wrexham, Wales, mji ambao dunia nzima sasa inaujua kwa timu ya mpira. Mwaka 2012 mwimbaji na mwenzake walirekodi nyimbo za mwanzo kwa kaka yake, wakazirusha mtandaoni, watu wakazipokea. Mwaka uliofuata wakasainiwa na Hopeless Records. Ukisikiliza zile za mwanzo utajua ni watu waliokuwa wanarekodi kwa kuibia muda.

#5 kandambili

Samahani mleta uzi, ila nikae kimya nitaumwa. Bomb the Music Industry! si pop-punk. Ni ska punk iliyochanganyikiwa. Kuna matarumbeta, kuna gitaa la kukatakata, kuna kinanda cha mchezo wa watoto. Ukiwapelekea wenyewe hiyo "pop-punk" watakutoa nje kistaarabu.

Ukitaka bendi halisi ya pop-punk kabla haijapata lebo, chukua blink-182, na hapo usianzie kwenye zile video za kukimbia uchi. Anzia Poway, kitongoji cha San Diego, 1992. Tom DeLonge, Mark Hoppus, na mpiga ngoma wa kwanza Scott Raynor, ambaye alikuwa mtoto wa miaka 14. Jina lilikuwa Blink tu. Namba iliongezwa 1995 baada ya bendi nyingine ya Ireland yenye jina hilo kuja juu. Walianza kurekodi chumbani kwa Scott. Kisha ikaja kanda ya Buddha, 1994, na aliyetoa pesa ni bosi wa Mark kwenye duka la muziki alikokuwa anafanya kazi. Zilikuwa kanda kama 1,000, karatasi za kasha wakizikunja wenyewe na kuziuza kwenye shoo na maduka ya San Diego.

Sikiliza ile kanda uone. Ngoma zinakimbia mbele ya gitaa, sauti za kuimba hazijui zitue wapi, na utani wa kitoto katikati ya nyimbo haukukatwa. Lakini kila kitu walichokuja kuuzia mamilioni kipo pale tayari: gitaa dogo la kuchokonoa mwanzoni, kiitikio cha watu wawili wanaopokezana. Prodyuza wa baadaye alipiga pasi tu. Nguo ilishashonwa.

Halafu angalia, Buddha ipo leo kwa sababu blink walikuja kuwa wakubwa na Kung Fu Records wakaitoa upya kwenye sidii 1998. Wangebaki wadogo ingeozea kwenye masanduku ya watu San Diego. Kwa hiyo kwenye hoja ya stoo niko na wewe. Kwenye aina ya muziki, hapana.

#6 fundi_spika

Kandambili, nimepokea, ska ipo, hasa mwanzoni. Ila sikiliza Vacation ya 2011 halafu urudi uniambie matarumbeta ni mangapi. Nyimbo zile zingepigwa na bendi yoyote ya New Jersey yenye kaptula ungeita pop-punk bila kusita.

#7 mswahili_wa_baridi

Nawasalimu kutoka Manchester, huku mvua inanyesha, si habari mpya.

Mnabishana Marekani, lakini kwa Uingereza mchezo wa kutoa wimbo wako mwenyewe bila lebo kwenye panki yenye kiitikio kitamu ulianzia hapa nilipo. Buzzcocks. Desemba 1976, siku tatu baada ya Krismasi, waliingia studio ya Indigo hapa mjini wakarekodi nyimbo nne kwa siku moja. Prodyuza alikuwa Martin Hannett, aliyekuja kuwa jina kubwa baadaye kwa kazi zake na bendi ya Joy Division. Pesa ilikuwa pauni 500, ya kukopa kwa ndugu na marafiki. Mwishoni mwa Januari 1977 santuri ikatoka kwa lebo waliyoibuni wenyewe, New Hormones. Walitengeneza nakala 1,000 kwa hofu kwamba zitabaki. Ziliisha, wakaongeza, na mwisho zikafika kama 16,000, nyingi kwa posta na kwa maduka yaliyokubali kuziweka kaunta.

Ile Spiral Scratch nimewahi kuishika mkononi kwenye duka la santuri kuukuu, bei iliyobandikwa siitaji, mtanihurumia. Picha ya mbele ni ya kamera ya papo hapo, wamekaa chini ya sanamu ya Robert Peel pale Piccadilly. Njiwa bado wanaikalia hiyo sanamu kila siku. Ila kilichonishangaza ni maandishi. Pembeni ya kila wimbo wameandika umepigwa mara ya ngapi na kama kuna kitu kimeongezwa juu yake. Breakdown: mara ya tatu, haijaongezwa kitu. Boredom: mara ya kwanza, gitaa limeongezwa. Yaani wanakuonyesha mapishi yote, ukitoka dukani ujue kwamba na wewe unaweza. Na hicho kipande cha gitaa kilichoongezwa kwenye Boredom ni noti mbili tu, zinarudiwarudiwa mpaka unataka kucheka.

Pete Shelley, mpiga gitaa wa Buzzcocks, alifariki Desemba 2018. Kila ukisikia bendi ya gereji inaimba mapenzi yaliyokataliwa kwa mwendo wa haraka, pale kuna mkono wake.

#8 Kambi_Popote

Sasa swali la mshamba. Kama wana vipaji hivyo, kwa nini wasisaini tu lebo wapate hela? Au hawana lebo kwa sababu lebo zimewakataa, halafu wanajifanya wamekataa wao?

#9 hesabu_za_muziki

Swali zuri, na jibu ni kwamba wote wapo. Wengi wamekataliwa. Wachache wamepiga hesabu.

Lebo inakupa kianzio. Watu hushangilia wakidhani ni zawadi, kumbe ni mkopo unaokatwa kwenye mirabaha yako. Gharama za kurekodi zinaingia kwenye deni, sehemu ya video inaingia, msaada wa ziara unaingia. Mpaka deni liishe hushiki senti ya mauzo, na mara nyingi hata likiisha masta zinabaki kuwa zao. Bendi ya watu wanne ikiuza vizuri kiasi inaweza kumaliza miaka mitatu inazunguka kwenye gari bila kupokea kitu cha mauzo.

Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki ambako wengi wa hawa wanakaa sasa, inachukua 15% ya mauzo ya faili, inashuka hadi 10% mauzo yakivuka dola 5,000. Fulana, kanda na santuri ni 10%. Albamu ya dola 7 inawaachia dola 5.95 kabla ya makato ya njia ya malipo, na masta ni zao. Tangu Machi 2020 kuna Ijumaa maalumu ambazo wanaachia hata fungu lao.

Lakini tusijidanganye kwa mapenzi. Green Day walilelewa 924 Gilman Street, ukumbi wa kujitolea pale Berkeley ambao hauruhusu bendi za lebo kubwa. Waliposaini lebo kubwa ya Reprise na kutoa albamu ya Dookie Februari 1994, Gilman ikawafungia mlango mpaka waliporudi kupiga shoo ya hisani 2015. Wale wa Gilman walikuwa na msimamo wao na nauheshimu. Ila mimi niliyekulia Mwanza nisingeisikia Green Day bila lebo kubwa kuisukuma mpaka kwenye kanda za kudurufu za mtaani kwetu. Asiye na lebo anafika anakobebwa na watu, na watu hawakuwa wanafika kwetu.

#10 dereva_wa_besi

Wasee wa TZ, salamu kutoka Nairobi. Nacheka mkisema hakuna watu wa hii muziki. Huku rock iko na wenyewe miaka mingi. X FM 105.5 ndiyo ilitulea, uko kwa matatu asubuhi unaenda job na gitaa ziko juu, makanga mwenyewe anatingisha kichwa. Ilipozimwa tukabaki mayatima.

Bendi lakini ziko. Crystal Axis ni panki ya hapa hapa Nairobi, wana wimbo wanamchapa Leopold wa Pili wa Ubelgiji kwa yale alifanya Kongo. Hiyo si pop-punk tamu ya kulilia dem, lakini skiza korasi yao, utaimba. Parking Lot Grass nao walituonyesha kwamba rock inaweza kuimbwa Kiswahili na isikae ya kuigiza.

Shida yetu si lebo, hata lebo za rock ni nani ameziona huku? Shida ni mahali pa kupiga. Mwenye baa anataka DJ, kwa sababu DJ anakuja na laptop moja. Bendi inakuja na ngoma, amp mbili na marafiki kumi wanakunywa soda moja usiku mzima.

#11 Mburahati_Finest

Mimi ni mtu wa singeli na nimejikuta nasoma uzi wa gitaa saa saba usiku, haki ya Mungu.

Hii ya stoo imenigusa. Singeli ya mwanzo ilikuwa inatembea kwa flashi. Prodyuza anamaliza biti usiku, kesho ipo kwenye vigodoro, keshokutwa ipo kwenye bodaboda, hakuna aliyeandika jina wala tarehe. Sisso Studios za hapa kwetu dunia ilizijua Nyege Nyege Tapes ya Uganda ilipotoa Sounds of Sisso 2017. Zile ambazo hazikuingia kwenye mkusanyiko ule, nyingine ninazo mimi kwenye flashi iliyopasuka kifuniko, na jina la faili ni "TRACK 07 MPYA KALI". Nani kaimba? Sijui. Na kila ninayemuuliza ananiambia jina tofauti.

#12 fundi_spika

Mburahati, hiyo flashi inakili leo. Si kesho. Leo.

#13 Kambi_Popote

Basi nipeni njia. Nina simu ya kawaida na bando la wiki. Naanzia wapi bila kufilisika?

#14 fundi_spika

Fungua Bandcamp kwenye kivinjari, huhitaji programu. Kila albamu ina vitambulisho vidogo (tags) chini kabisa: aina ya muziki na mji. Usibonyeze aina, utazama kwenye bahari. Bonyeza mji. Chagua mji usiojulikana, halafu ndani yake tafuta pop-punk. Bendi ndogo za mji mmoja huwa zinapiga shoo pamoja, zinaazimana mpiga ngoma na zinashukuriana kwa majina kwenye maelezo ya albamu. Ukipata moja nzuri soma zile shukrani, kila jina pale ni bendi ya kufuata. Mimi napata nyingi kwa njia hiyo kuliko kwa mashine ya kupendekeza nyimbo, ambayo ukisikiliza bendi ndogo moja inakurudisha kwa blink ndani ya nyimbo tatu.

Kusikiliza ni bure mara kadhaa kabla haijakuomba ununue. Zilizoandikwa utaje bei yako, unaweza kuandika sifuri na kupakua. Ujue tu kila msanii ana mgao wa kupakuliwa bure mara 200 kwa mwezi, kwa hiyo ukikuta bure imeisha, hawajakubania, rudi mwezi ukigeuka. Ukiwa na kitu weka, kadi ya M-Pesa ya kulipia mtandaoni itakusaidia. Kwa bando lako chukua MP3, achana na FLAC, ni nzito na kwa spika za masikioni za buku mbili hutasikia tofauti. Zile zilizookolewa MySpace tafuta Internet Archive kwa jina la Myspace Dragon Hoard. Mpangilio wake ni wa kukatisha tamaa, unachokonoa gizani, ila kuna siku unakutana na wimbo ambao pengine hakuna mwingine aliyeusikiliza tangu 2009.

Na hata Bandcamp msiiabudu. Iliuzwa kwa Epic Games 2022, ikauzwa tena kwa Songtradr 2023, na karibu nusu ya wafanyakazi wakaachwa nje. Ikifika zamu yake sitaki nianze kulia. Nikishapakua naandika jina la bendi, mji na mwaka kwenye folda, naweka na picha ya kasha, narudufu kwenye diski ya nje. Mke wangu anauliza kwa nini diski imejaa na hakuna hata picha moja ya harusi. Zipo, ziko folda nyingine.

#15 tatu_bila_jina

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo imebidi nijiunge.

Tuko watatu, Arusha. Gitaa moja, besi ya kuazima kanisani, na ngoma ambayo sahani yake moja imepasuka, lakini tumegundua ukiipiga pembeni ya ufa inatoa sauti nzuri. Tunaimba Kiswahili, mambo ya kawaida, kuna mmoja unahusu mwenye nyumba. Tumerekodi nyimbo mbili kwa simu iliyowekwa ndani ya ndoo ili sauti isipasuke. Jina la bendi tunabishana bado. Inaruhusiwa kuweka hapa, au huu uzi ni wa wazungu peke yao?

#16 fundi_spika

Weka! Na weka faili zenyewe, si linki, linki zinakufa. Andikeni na nani kapiga nini, na hiyo ya ndoo msisahau kuiandika.

#17 kandambili

Nasubiri. Ikiwa na tarumbeta nasema.

#18 Mzee_wa_Rhumba

Wa mwenye nyumba wekeni wa kwanza. Hao nitawapa dakika mbili.